Namba ya mwezi wa tatu imebadilika: jinsi ya kutafuta chanzo katika takwimu za biashara ya bidhaa

Jumatatu asubuhi, malori yameziba Barabara ya Mandela kuelekea bandarini, na simu yangu inaita. Ni kijana anayeandika habari za uchumi.

"Shikamoo dada. Ile namba ya mauzo ya nje tuliyoiangalia mwezi wa tatu siioni tena. Wameweka nyingine. Niandike kwamba wamechakachua?"

"Marahaba mdogo wangu. Uliitoa kwenye toleo la mwezi gani?"

Akanyamaza kidogo. "Sikumbuki. Nilipiga tu picha ya jedwali."

Simu za aina hii napokea kila matoleo mapya yanapotoka. Wanaopiga ni waandishi, wanafunzi wa Mlimani, hata wafanyabiashara wa nafaka wanaotaka kujua India imenunua kiasi gani. Wengi wana maelezo mawili tu kichwani: ama kuna mtu amedanganya, ama kuna mtu amekosea. Natamani wajue na la tatu, maana ndilo lililo kweli mara nyingi zaidi. Takwimu za bidhaa zinazoingia na kutoka nchini hutolewa wakati kazi ya kuzikusanya bado inaendelea, na kurekebishwa kwake kunaonyesha kwamba kuna watu bado wanazishughulikia. Makosa yapo pia, nimeyaona mengi. Ila kosa lina alama zake na marekebisho ya kawaida yana alama zake. Nimepanga hapa dalili kama ninavyoletewa, na mahali pa kugusa kwanza kwa kila moja.

Namba inakotoka

Kila mzigo una kadhia, yaani tamko la forodha, ambalo wengi mjini hapa wanaliita TANSAD kwa jina la fomu yake. Wakala wa forodha huandika humo msimbo wa bidhaa, uzito, thamani, sarafu, nchi ya asili, nchi uendako mzigo, na utaratibu wake: matumizi ya nyumbani, ghala la forodha, transiti (mzigo unaopita tu kwenda nchi nyingine) au mauzo ya nje. Mamlaka ya Mapato, TRA, hutunza kadhia hizo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, huzigeuza kuwa takwimu. Benki Kuu huzitumia katika tathmini yake ya uchumi ya kila mwezi na katika urari wa malipo, yaani hesabu ya miamala yote ya nchi na mataifa mengine. Baadaye data za nchi hupelekwa Umoja wa Mataifa na kuwekwa kwenye hifadhi ya Comtrade, ambayo ina data kuanzia mwaka 1962.

Kila kituo katika njia hiyo kina saa yake. Kadhia ikisahihishwa Kurasini leo, jedwali la taifa litaiona baadaye, na Comtrade baadaye zaidi. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo yanayofuata yatakuwa yamejieleza.

Dalili: mwezi uliopita au miezi michache nyuma imepanda au kushuka kidogo

Angalia kwanza vidokezo vidogo vilivyo chini ya jedwali. Kwenye majedwali ya Benki Kuu utakuta herufi p kwa takwimu za awali na r kwa zilizorekebishwa. Yule kijana wa Jumatatu alinitumia picha yake jioni ile, na kichwani mwa safu ya mwezi aliokuwa akiulalamikia palikuwa na p, imeandikwa ndogo lakini inasomeka. Habari yake ya uchakachuaji iliishia hapo, nami nilifurahi kwamba alipiga simu kabla ya kuandika.

Kwa nini namba ya awali isogee? Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: kadhia zilizochelewa, zilizofutwa, au zilizobadilishwa baada ya ukaguzi wa forodha kuona thamani haikuwa sahihi. Hizi husogeza namba kidogo kidogo, na mara nyingi miezi ya karibuni ndiyo inayoguswa zaidi kuliko ya zamani.

Sababu ya pili ni bei ambayo haijakamilika. Dhahabu ndiyo mfano mzuri kwetu, kwa kuwa ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mauzo yetu ya nje. Inatoka mgodini ikiwa ghafi, imechanganyika na madini mengine. Thamani inayoandikwa siku ya kuondoka ni ya makadirio. Kiasi halisi cha dhahabu safi kinajulikana baada ya mzigo kusafishwa na kupimwa kule unakokwenda, na bei ya soko la dunia nayo inakuwa imeshasogea. Ankara ya mwisho ikija, thamani ya mwezi ule wa nyuma inaweza kubadilishwa. Kwa bidhaa ndogo hutaona lolote. Kwa dhahabu, jumla nzima ya mauzo ya nje inatikisika.

Sababu ya tatu inahusu bandari yetu moja kwa moja, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Meli ya mafuta inaposhusha Dar es Salaam, ndani yake kuna mafuta ya hapa nyumbani na mafuta ya Zambia, Kongo au Rwanda. Yale ya transiti hayaingii kwenye takwimu za uagizaji wa Tanzania, kwa sababu yanapita tu. Lakini mzigo wa transiti unaweza kuombewa kibali ukabaki nchini, ushuru ukalipwa, na tangu hapo ukawa uagizaji wetu. Magari ya IT, yaani yaliyo transiti, yako vivyo hivyo. Gari limeshushwa Dar likiwa na safari ya Lubumbashi, mwenyewe akaamua kuliuza hapahapa, akalilipia. Siku ya kwanza halikuwamo kwenye hesabu, sasa limo. Badiliko la namna hii lina alama moja: uagizaji unapanda kwenye bidhaa chache zinazopita sana bandarini, hasa mafuta na magari, na kwingine kote kunabaki palepale.

Dalili: bidhaa imekufa ghafla

Hii huwatisha watu. Unafuatilia simu za mkononi zinazoingia nchini kwa msimbo 8517.12, mambo yanakwenda vizuri miaka yote, kisha mstari unashuka mpaka sifuri. Nenda Kariakoo, pita Mtaa wa Aggrey, simu zimejaa madukani kama jana. Nini kimetokea?

Msimbo umebadilika. Mfumo wa HS, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya bidhaa, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, ulianza kutumika mwaka 1988 na hufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka kadhaa; matoleo ya karibuni ni ya 2007, 2012, 2017 na 2022. Katika toleo la 2022 msimbo 8517.12 uliondolewa, simujanja zikapewa 8517.13 na simu nyingine za mitandao ya mkononi 8517.14. Bidhaa haikufa, imehamia vyumba viwili.

Hapo tarehe inahitaji uangalifu. Nchi nyingi zilianza kutumia toleo la 2022 tarehe 1 Januari mwaka huo. Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tulilianza pamoja na ushuru wa pamoja mpya, tarehe 1 Julai 2022, mwaka wetu wa fedha unapoanza. Kwa hiyo mwaka wa kalenda 2022 una nusu yenye misimbo ya zamani na nusu yenye misimbo mipya. Ukichukua 8517.12 peke yake utaona nusu mwaka. Ukichukua mpya peke yake utaona nusu nyingine, na utamwambia bosi wako kwamba uagizaji wa simu ulianza kwa kishindo Julai.

Mbaazi ni kisa kinachoniuma zaidi, kwa sababu mkulima wa Lindi na Mtwara anahitaji historia ya soko lake. Kabla ya toleo la 2012 mbaazi hazikuwa na msimbo wake wa kimataifa; zilikaa na jamii nyingine za kunde kwenye mstari wa mchanganyiko. Mwaka 2012 zikapewa 0713.60. Mtu anayevuta data ya 0713.60 tangu mwaka 2005 anakuta patupu, kisha mauzo yanaibuka. Nimewahi kusikia mtaalamu akisimama ukumbini na kusema Tanzania iliingia kwenye soko la mbaazi baada ya 2012. Wazee wa Masasi wangemshangaa.

Tiba: tafuta jedwali la ulinganisho wa misimbo ya toleo la zamani na jipya, ambalo Umoja wa Mataifa hulitoa bure, kisha jumlisha misimbo yote iliyogawanyika ndipo uchore mstari mmoja. Pale msimbo wa zamani ulipokuwa na mchanganyiko, kama kwa mbaazi, hakuna ulinganisho utakaorudisha historia. Andika wazi kwenye grafu yako kwamba mfululizo unaanzia mwaka fulani.

Dalili: mwezi mmoja umepaa juu kuliko yote

Hapa ndipo kosa la kweli hupatikana mara nyingi. Kipimo cha kwanza ni thamani kwa kilo. Gawa thamani kwa uzito, linganisha na miezi ya jirani. Korosho ghafi ikitoka kwenye dola moja na kitu kwa kilo ikawa dola elfu, kuna mtu ameandika tani kwenye kisanduku cha kilo. Bei kwa kilo ikiwa juu mara elfu mbili na zaidi, shuku sarafu: thamani ya shilingi imesomwa kama dola. Bei ikiwa ya kawaida na uzito pamoja na thamani vimepanda sawia, acha kufikiria kidole cha wakala. Huenda mzigo umehesabiwa mara mbili, au ni kweli meli kubwa imepita.

Kuhesabu mara mbili kunaipata hata nchi yenye wataalamu tele. Data za awali za India za Novemba 2024 zilionyesha uagizaji wa dhahabu wa takriban dola bilioni 14.8, kiasi ambacho hakikuwahi kuonekana, na nakisi ya biashara ya mwezi ule, yaani kiasi ambacho uagizaji ulizidi mauzo, ikatangazwa kuwa kubwa kuliko zote zilizotangulia. Magazeti yakajaa maelezo: ushuru ulikuwa umeshushwa, sherehe zimeongeza mahitaji, bei ya dunia imepanda. Januari 2025 namba ile ikashushwa hadi takriban bilioni 9.8. Sehemu ya mizigo ilikuwa imehesabiwa mara mbili wakati utaratibu wa kukusanya data ulipokuwa ukibadilishwa, na miezi mingine ya mwaka ule nayo ikarekebishwa. Dola bilioni tano ziliondoka kwenye bidhaa moja, mwezi mmoja.

Mimi hufundishia kisa hiki kwa sababu ya yale maelezo ya magazeti. Kila moja lilikuwa na mantiki. Mchambuzi mzuri anaweza kueleza namba yoyote, hata ya uongo, na ndiyo maana ukaguzi wa namba unatangulia maelezo. Kila ukikuta mwezi umepaa, uliza kwanza kama kuna mfumo uliobadilishwa karibuni. Sisi wenyewe tulihamisha mfumo wa kompyuta wa forodha kutoka ASYCUDA kwenda TANCIS mwaka 2014, na kipindi cha kuhama hustahili alama nyekundu kwenye jedwali lako. Kanada ilipobadili mfumo wake wa forodha Oktoba 2024, ofisi ya takwimu ya huko iliwaambia watu wazi kwamba sehemu ya uagizaji itakadiriwa kwa muda na kwamba marekebisho yatakuwa makubwa kuliko kawaida. Huo ni uungwana ninaoutamani kila mahali.

Na mporomoko je? Usiuite kosa haraka. Mauzo ya korosho yetu yaliporomoka msimu wa 2018/19, na mtu asiyekuwapo anaweza kudhani data zimepotea. Tuliokuwapo tunakumbuka: wanunuzi waligoma kupandisha bei, na Novemba 2018 Rais Magufuli akaagiza Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya. Korosho zilikaa maghalani. Jedwali lilikuwa linasema kweli.

Dalili: sisi tunasema hivi, wenzetu wanasema vile

Tanzania inaripoti kuuza Vietnam korosho za kiasi fulani, Vietnam inaripoti kununua Tanzania kiasi kingine. Kulinganisha hivi ni kazi nzuri, lakini tofauti peke yake haithibitishi wizi. Pita ngazi hizi kabla ya kupaza sauti.

Gharama za njiani: mauzo ya nje huandikwa kwa thamani ya FOB, mzigo ukiwa umepakiwa melini. Uagizaji huandikwa kwa CIF, yaani nauli na bima zimeongezwa. Kwa kawaida basi mnunuzi ataonyesha kiasi kikubwa kuliko muuzaji. Shirika la Fedha la Kimataifa kwa muda mrefu lilikadiria tofauti hii kwa asilimia 10 katika takwimu zake za nani anauziana na nani, baadaye likashusha hadi asilimia 6. Bidhaa nzito ya bei ndogo inaweza kuzidi hapo, dhahabu inayopanda ndege haifiki hapo hata kidogo.

Muda: korosho huvunwa kuanzia karibu Oktoba, na meli nyingi huondoka mwisho wa mwaka. Inayotoka Mtwara katikati ya Desemba itahesabiwa Vietnam mwaka unaofuata. Linganisha kwa msimu, usilinganishe kwa mwaka wa kalenda, utaona tofauti ikipungua.

Nchi iliyoandikwa: ningependa watu wakae hapa kuliko kwingine kokote. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2010 unataka uagizaji uandikwe kwa nchi ya asili, na mauzo kwa nchi ya mwisho inayojulikana mzigo unakokwenda. Kwenye karatasi ni rahisi. Sasa chukua kahawa iliyouzwa kwa kampuni ya Geneva lakini meli inakwenda Yokohama. Wakala anayetazama anwani ya ankara ataandika Uswisi, na Uswisi haitaiona kahawa hiyo kamwe. Japani itaiona na kuandika Tanzania. Ukilinganisha nchi kwa nchi, unapata "upotevu" kwa Uswisi na "ziada" kwa Japani. Jumlisha nchi zote, na sehemu kubwa ya fumbo inafutika.

Shaba ni kinyume chake. Inashuka kwa malori kupitia Tunduma kutoka Zambia na Kongo, inapakiwa Dar es Salaam, na kwetu ni transiti, haimo kwenye mauzo yetu. Mnunuzi wa mbali akiangalia tu bandari mzigo ulikotoka akaandika Tanzania, atatupa mauzo ya shaba tusiyoyajua. Siku utakaposoma kwamba Tanzania inaficha mauzo makubwa ya shaba, anza na swali la nchi ya asili.

Dhahabu ina kona yake pia. Dhahabu ya akiba ya benki kuu haihesabiwi katika biashara ya bidhaa, kwa kuwa inachukuliwa kama fedha. HS inaitenga kwenye 7108.20. Benki Kuu ya Tanzania siku hizi hununua dhahabu ya ndani kwa ajili ya akiba yake. Kwa hiyo uzalishaji wa migodi ukizidi mauzo ya nje, sehemu ya jibu inaweza kuwa imelala kwenye akiba hiyo.

Ukishazipita ngazi zote hizo na pengo bado ni kubwa, basi una swali halali la kuuliza hadharani, nami nitakuwa upande wako.

Dalili: taasisi za hapahapa hazilingani

Soma kichwa cha jedwali polepole. Je, ni "Tanzania", "Tanzania Bara" au "Zanzibar"? Karafuu zimepoteza watu wengi hapo. Kisha angalia kama unalinganisha takwimu za forodha na urari wa malipo. Urari hufuata umiliki kubadilika mikono, uagizaji wake hugeuzwa kutoka CIF kwenda FOB, na una nyongeza ambazo forodha haina. Namba mbili tofauti zinaweza kuwa sahihi zote, kila moja ikijibu swali lake. Na kama moja ni dola na nyingine imegeuzwa na wewe kutoka shilingi kwa wastani wa mwaka, tofauti hiyo umeitengeneza mwenyewe.

Dalili: biashara na Afrika Mashariki imeruka

Hesabu wanachama. Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya Julai 2022, na Somalia Machi 2024. Kongo ni soko kubwa la bidhaa zetu. Ikiingizwa kwenye jumla, mstari unapanda siku hiyohiyo bila lori hata moja kuongezeka. Baadhi ya majedwali huirudisha Kongo nyuma miaka yote, mengine huianzia mwaka wa kujiunga. Jumlisha nchi moja moja mwenyewe.

Dalili: miaka mingi ya nyuma imebadilika kwa mpigo

Haya ni marekebisho ya mbinu, na kwa kawaida hutangazwa. Uingereza ilifanya hivyo Julai 2003, ilipogundulika kwamba walaghai wa kodi ya ongezeko la thamani walikuwa wakiingiza simu na vipuri vya kompyuta kutoka Ulaya bila kuzitamka, kisha wakizitoa tena kwa karatasi halali. Mauzo yalihesabiwa, uagizaji haukuhesabiwa. Ofisi ya takwimu ililazimika kuongeza uagizaji wa miaka kadhaa nyuma, na picha ya nakisi ya nchi ikabadilika. Ukikutana na badiliko kama hili, tafuta tangazo. Usichanganye kamwe mfululizo wa zamani na mpya kwenye mstari mmoja.

Dalili: ni kwako tu

Tatizo hili nimeliacha karibu na mwisho ingawa ndilo ninalokutana nalo kuliko yote. Bidhaa zetu tunazozipenda zinaanza na sifuri: korosho 0801, mbaazi 0713, kahawa 0901, karafuu 0907, samaki sura ya 03. Ukifungua faili kwenye Excel bila kutaja kwamba safu ya msimbo ni maandishi, sifuri ya mbele inaliwa. 080131 inakuwa 80131, na ukitafuta tarakimu sita hupati kitu. Kuna aliyewahi kuniambia korosho hazimo kwenye data za mwaka mzima. Zilikuwamo, zimepungukiwa sifuri.

La pili ni kuchanganya matoleo. Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika ofisi moja hapa mjini, niliendeleza jedwali la uagizaji wa ngano kwa kubandika miezi mipya chini ya ile ya zamani. Miezi ya zamani ilikuwa ya toleo la awali, mipya ilikuwa ya toleo lililorekebishwa. Nikaandika kwamba uagizaji umekua, na watu wakapanga ununuzi kwa maneno yangu. Ukuaji ule ulikuwa tofauti ya matoleo mawili tu. Tangu siku hiyo kila faili langu lina tarehe ya kupakuliwa kwenye jina lake, na sifuti toleo la zamani. Nikitaka kujua nini kimerekebishwa, naweka matoleo mawili bega kwa bega na kutoa moja kwa jingine, mstari kwa mstari. Tofauti ikitawanyika kidogo kidogo kila mahali, ni kadhia zilizochelewa. Ikikaa kwenye msimbo mmoja au nchi moja, hapo ndipo pa kuchimba.

Ukithibitisha kwamba ni kosa

Andikia NBS kwanza, maana wao ndio wenye takwimu. Usiandike "takwimu zenu si sahihi." Barua kama hiyo haina pa kushikwa. Andika toleo na ukurasa, msimbo wa HS kwa tarakimu zote, mwezi, nchi, mtiririko kama ni uagizaji au mauzo, thamani na uzito uliouona, thamani kwa kilo uliyoikokotoa pamoja na ya miezi mitatu ya kabla na ya baada, na unachodhani kimetokea. Mfano wa sentensi inayofanya kazi: "Msimbo 0801.31, mauzo ya nje, mwezi wa kumi na moja: thamani kwa kilo ni mara elfu ya mwezi uliotangulia na uliofuata, tunaomba mhakiki kipimo cha uzito." Afisa atakayeisoma anaweza kwenda moja kwa moja kwenye kadhia.

Kama kosa umeliona Comtrade peke yake na majedwali ya nyumbani yako sawa, sema hivyo kwenye barua hiyohiyo. Umoja wa Mataifa huchapisha kile nchi ilichotuma, kwa hiyo marekebisho hupita kwa nchi husika.

Jibu linaweza kukuambia kwamba namba ni sahihi, na meli ile kubwa kweli ilipita. Ihifadhi barua hiyo pamoja na faili la data, uandike pembeni mwa mwezi ule: "imehakikiwa", na tarehe. Mwakani atakuja mwingine na swali hilohilo, na safari hii jibu litakuwa tayari kwenye faili.